Orodha Huja Kabla ya Risasi

Siku hizi harusi ya Meru mjini au ya Runyenjes haijatimia mpaka droni ipae juu ya mahema kupiga picha za msafara wa magari. Mara nyingi ni droni ya DJI, kampuni yenye makao yake Shenzhen, China. Droni za kampuni hiyohiyo ndizo ambazo askari wa Ukraine na wa Urusi wamekuwa wakizifunga guruneti na kuwaangushia adui zao mahandakini. Aprili 2022 DJI ilitangaza kwamba inasitisha biashara katika nchi hizo mbili kwa kuwa haitaki bidhaa zake zitumike kudhuru watu. Tangazo halikubadilisha mambo. Droni ziliendelea kufika vitani kupitia kwa wachuuzi na wafadhili.

Nimeanza na droni ya harusi kwa sababu bado tunaizungumzia silaha kana kwamba lazima itoke kwenye kiwanda cha silaha, chenye ukuta mrefu na mlinzi langoni. Bunduki na kifaru vilitoka huko. Silaha inayojiamulia hutoka kila mahali: kamera iliyobuniwa kwa ajili ya simu, chipu ya michezo ya kompyuta, ramani za satelaiti, programu ya kutambua sura, na picha kwa mamilioni ambazo mtu fulani ameketi akazichorea mipaka na kuziandikia kwamba huyu ni mtu, hili ni gari, hii ni nyumba. Mtu huyo anaweza kuwa Nairobi, na anaweza kuwa Maua au Embu. Hapo ndipo suala hili linapotugusa, na hapo ndipo mijadala ya Umoja wa Mataifa kule Geneva na New York hupita mbio.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huieleza silaha inayojiamulia kuwa ni ile ambayo, ikishawashwa, huchagua shabaha na kuishambulia bila binadamu kuingilia kati. Droni ya Marekani inayoongozwa na rubani aliyeketi mbele ya skrini ng'ambo haimo katika maana hiyo, hata ikiua wasiohusika, maana kuna mtu aliyebonyeza na anajulikana. Kargu-2, iliyoundwa na kampuni ya STM ya Uturuki, ndiyo iliyozua gumzo. Ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Machi 2021 ilisema ilitumika Libya mwaka 2020 dhidi ya wapiganaji wa kamanda Khalifa Haftar waliokuwa wakirudi nyuma, na kwamba mifumo ya aina hiyo ilipangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano kati ya mwendeshaji na silaha. Ripoti haikusema wazi kama kuna aliyeuawa na mashine iliyoamua peke yake. Kilichojulikana ni kwamba vita vya Afrika vimekuwa uwanja wa majaribio.

Kwa maana hiyo ya Msalaba Mwekundu, silaha kongwe zaidi inayojiamulia ni bomu la kutegwa ardhini. Linangoja, halijui linamngoja nani. Watu wa Meru hawana haja ya kwenda mbali kuona chuma kisichochagua kinavyofanya. Ukipita Isiolo ukaelekea kaskazini unafika Archers Post, ambako Jeshi la Uingereza limefanya mazoezi ya kufyatua silaha kwa miaka mingi. Hayakuwa mabomu ya kutegwa. Yalikuwa masalio yaliyoachwa bila kulipuka. Lakini kwa mtoto wa kuchunga mbuzi tofauti hiyo haikuwepo. Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa wafugaji zaidi ya 200, Wasamburu na Wamaasai, fidia ya pauni milioni 4.5. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 2004, Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa dunia juu ya mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Kenya inapotaka kusema juu ya silaha zisizomjua yule zinayemuua, ina cha kusema.

Sasa turudi kwa kampuni. Mwaka 2017 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha Mradi wa Maven ili kompyuta zifundishwe kusoma video za droni, kazi iliyokuwa ikiwachosha wachambuzi wa kijeshi kwa saa nyingi. Google ilikuwa mmoja wa wakandarasi. Habari zilipovuja mwaka 2018, wafanyakazi zaidi ya 3,000 waliweka saini barua ya kumtaka mkuu wa kampuni ajitoe, na baadhi yao wakaacha kazi. Juni mwaka huo Google ilisema haitaongeza mkataba, kisha ikachapisha kanuni zake za akili unde, mojawapo ikiwa ahadi ya kutobuni silaha. Maven haikufa. Palantir na kampuni nyingine ziliibeba. Februari 2025 Google yenyewe iliiondoa ahadi ile kwenye kanuni zake.

Wengine wamepita njia hiyohiyo. Januari 2024 kampuni ya OpenAI ililegeza masharti yake, ikaondoa katazo la jumla la matumizi ya kijeshi, na Desemba ya mwaka huohuo ikatangaza ushirikiano na Anduril, kampuni ya silaha iliyoanzishwa mwaka 2017 na Palmer Luckey, yule aliyebuni miwani ya Oculus. Meta, iliyoinunua Oculus mwaka 2014, ilitangaza Mei 2025 kwamba itashirikiana na Anduril kutengeneza vifaa vya askari. Sababu hazihitaji darubini. Vita vya Ukraine vimeonyesha kwamba droni ya bei nafuu inaweza kukiangamiza kifaru cha mamilioni, ushindani na China umezifungua hazina za serikali, na kuunda akili unde ni ghali kiasi kwamba mteja asiyekosa pesa hakataliwi.

Simlaumu mhandisi anayeamua kuitumikia nchi yake. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba usalama wa dunia umewekwa kwenye kanuni za kampuni. Ahadi ya Google iliishi kuanzia Juni 2018 hadi Februari 2025, haikufika hata miaka saba. Iliandikwa na kampuni na ikafutwa na kampuni, na sisi tulio huku mwisho hatukuulizwa mara zote mbili.

Tuingie kwenye kazi yenyewe ya kuweka lebo, ambayo haizungumzwi. Picha inafunguka kwenye skrini: barabara, magari, watu kwenye kivuko. Unashika kipanya, unachora mstatili unaolibana gari la kwanza, usiache nafasi pembeni wala usikate tairi. Unachagua lebo kwenye orodha: gari dogo, lori, pikipiki, mtembea kwa miguu. Unahamia la pili. Kama ni video, fremu inayofuata ina magari yaleyale yaliyosogea kidogo, nawe unasogeza mistatili mmoja baada ya mwingine. Mkaguzi akiona mstatili umelegea, kazi inarudishwa, na muda ulioutumia mwanzo hauna malipo. Maelekezo huja kwenye faili la kurasa nyingi, na ndani yake jina la mteja halimo. Kuna jina la mradi tu, neno la siri lisilokuambia chochote. Stima ikipotea au bando likiisha, kazi inachukuliwa na mtu mwingine, pengine Manila, pengine Caracas.

Hiyo ndiyo shule ya mashine. Programu haizaliwi ikijua mtu ana umbo gani akionekana kutoka juu, wala namna ya kutofautisha jembe na bunduki begani. Inafundishwa kwa mifano, na mifano huandikwa na mikono. Kosa la mwandishi wa lebo huingia kwenye mashine pamoja na usahihi wake. Mtu akifundishwa kwamba kila kijana aliyesimama karibu na pikapu lenye watu nyuma ni "mpiganaji", mashine itajifunza hivyo. Atakayekuja kuulizwa baadaye kwa nini pikapu la miraa lilishambuliwa atasema ni kompyuta.

Serikali imewahimiza vijana waingie kwenye kazi za mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital tangu 2016, na ni sawa, kwani kazi hakuna. Shamba la kahawa la baba limegawanywa mpaka limekuwa vipande, na bei ya miraa imepanda na kushuka kwa amri za Mogadishu na London. Kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Embu au kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, akiwa na kompyuta ya mkopo, atachora mistatili usiku kucha na hatamuuliza mtu. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliosoma na kuchuja maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Kwa kazi za vipande vipande za mtandaoni, wapo waliopata chini ya hapo.

Remotasks ilikuwa jukwaa linalojulikana sana na vijana hao. Ilimilikiwa na Scale AI ya San Francisco. Machi 2024 ilifunga shughuli zake Kenya, na waliokuwa wakiitegemea walipata habari kwa barua pepe. Scale AI ilikuwa na wateja wa magari yanayojiendesha, na pia ilikuwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani: mwaka 2022 ilipewa makubaliano yenye kikomo cha dola milioni 249, na Machi 2025 ikatangazwa kuwa itaongoza mradi wa Thunderforge wa kusaidia mipango ya kijeshi. Hilo halimaanishi kwamba kijana wa Maua alichora shabaha ya jeshi. Linamaanisha kwamba kazi imepangwa kwa namna ambayo hana pa kuuliza, na hata akiuliza hana atakayemjibu. Mfano upo. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba baadhi ya picha za Mradi wa Maven ziliwekwa lebo na wafanyakazi wa mtandaoni wa kampuni ya Figure Eight, ambao hawakuambiwa wanaifanyia kazi droni ya kijeshi. Mwaka huohuo Figure Eight ilinunuliwa na Appen ya Australia, kampuni ambayo Wakenya wengi wana akaunti zake.

Teknolojia hizi zina sura nyingine pia, na iko karibu zaidi kuliko San Francisco. Hifadhi ya Lewa, iliyo katika Kaunti ya Meru kuelekea Isiolo, ilianza mwaka 1983 kama kimbilio la vifaru na leo hutumia EarthRanger, mfumo uliozaliwa katika kampuni ya Vulcan ya marehemu Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft. Kwenye chumba cha operesheni, vifaru na tembo waliovishwa vitambuzi, magari ya doria na redio za askari wote huonekana kwenye ramani moja. Mnyama akisimama muda mrefu kuliko kawaida, au akikaribia uzio, kengele inalia na kikosi kinatumwa. Shirika la WWF na kampuni ya FLIR, ambayo pia huuzia majeshi, zimeleta kamera za joto kwenye mbuga za Kenya ili mtu aonekane gizani.

Mimi ni shabiki wa Lewa. Mwishoni mwa 1988 majangili waliingia Mbuga ya Kitaifa ya Meru wakawaua vifaru weupe waliokuwa chini ya ulinzi wa serikali, na aibu ile haijasahaulika. Lakini ukiutazama mfumo wenyewe, umbo lake ni lilelile la vita: vitambuzi, ramani moja, programu inayosema hapa pana jambo, kisha nguvu inatumwa. Kinachoutofautisha na silaha inayojiamulia ni askari wa doria anayefika, anayewasha tochi na kusema "Simama!" Akikuta ni mzee anayetafuta ng'ombe aliyepotea, wanasalimiana, na pengine wanasaidiana kumtafuta. Kamera ya joto haimjui mzee. Inaona joto lenye umbo la mtu mahali ambapo mtu hatakiwi kuwepo. Na Kenya ya mwisho wa miaka ya 1980 iliwahi kuwapa askari wa wanyamapori ruhusa ya kuwapiga majangili risasi papo hapo. Amri ya namna hiyo ikitiwa ndani ya mashine haitahitaji kubadilishwa hata neno moja.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo Meru na Embu wanalijua kuliko wahandisi wengi. Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, utawala wa kikoloni uliunda kundi la washukiwa na kulipa kifupisho cha herufi tatu, KEM, yaani Wakikuyu, Waembu na Wameru. Haukuanza kwa kuuliza nani amekula kiapo cha Mau Mau. Ulianza na kabila lililoandikwa kwenye kipande. Msitu wa Mlima Kenya na wa Aberdare ukatangazwa eneo la marufuku, na aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa alifuata nini, iwe kuni, asali au Mwariama, jenerali wa Mau Mau. Ndege za Lincoln za Jeshi la Anga la Uingereza zikaudondoshea msitu mabomu kuanzia mwishoni mwa 1953. Chini, wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki la maili zipatazo 50 kandokando ya msitu, ili mpaka kati ya mtu na shabaha uonekane kwa macho.

Nalitaja handaki hilo kwa sababu ndilo kanuni ya kompyuta kabla ya kompyuta: ukiwa upande huu ni raia, ukivuka ni maiti. Aliyeshika bunduki alibaki na kazi ndogo. Uamuzi ulikuwa umeshafanywa ofisini na aliyechora mstari.

Tarehe 24 Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil. Nairobi ilizingirwa, wanaume wa KEM wakachujwa mtaa kwa mtaa, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini. Waliochujwa walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, umekwisha. Hukumjua ni nani, hukujua amekuonea nini, hukuwa na pa kukata rufaa. Baada ya hapo mfungwa alipewa rangi: mweupe, wa kijivu au mweusi, kulingana na jinsi alivyodhaniwa kuwa sugu. Kambi za Mwea, ambako wakati huo palikuwa Wilaya ya Embu, ziliwapokea wa kijivu na weusi ili wapigwe mpaka wabadilike rangi. Mashamba ya mpunga tunayoyaona leo yalianzia kwenye jasho lao.

Sasa soma habari zilizochapishwa Aprili 2024 na jarida la +972 la Israel juu ya mfumo uitwao Lavender. Kwa mujibu wa maofisa waliozungumza na waandishi, programu hiyo iliwapa wakazi wa Gaza alama ya 1 hadi 100 kuonyesha uwezekano wa kila mmoja kuwa mpiganaji, na katika wiki za mwanzo za vita iliwaorodhesha watu wapatao 37,000. Afisa mmoja alisema alitumia kama sekunde 20 kwa kila jina kabla ya kuidhinisha. Jeshi la Israel lilikana kwamba lina mfumo unaowatambua magaidi, likasema ni hifadhidata ya kulinganisha taarifa. Tuchukue kauli yoyote tunayotaka. Alama ya 1 hadi 100 na rangi tatu za Mwea zinafanya kazi moja, na yule wa gunia amepata mrithi asiye hata na matundu ya macho.

Kwa hiyo naona kwamba ubishi wa iwapo binadamu yupo kwenye mnyororo au hayupo umewekwa mahali pasipofaa. Anaweza kuwepo na asiwe na la kufanya. Sekunde 20 si uamuzi, ni muhuri. Uamuzi hufanyika kabla: anayechagua makundi, anayeandika lebo, anayesema alama 80 ndiyo kikomo. Hatua hizo zote hufanywa leo ndani ya kampuni za teknolojia, na sehemu yake ya chini kabisa, ile ya kuchosha, hufanywa na watu kama vijana wetu.

Kuna hoja ya upande wa pili, na haifai kupuuzwa. Ronald Arkin, mtaalamu wa roboti wa Georgia Tech, amesema kwa miaka mingi kwamba mashine inaweza kuwa na utu kuliko askari kwa kuwa haina hofu, hasira wala kisasi. Aliyesoma yaliyofanywa na askari wa kikoloni na homgadi vijijini anajua kwamba binadamu mwenye bunduki si dhamana ya utu. Na familia za kwetu zina hoja nzito zaidi ya Arkin. Tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya ya El Adde, Somalia. Serikali haikutoa hesabu rasmi ya waliokufa. CNN ilihesabu 141. Mwambie mama aliyemzika mwanawe baada ya El Adde kwamba ni vibaya mashine kusimama lindo badala ya kijana, uone atakavyokutazama.

Namheshimu mama huyo, na bado sishawishiki. Kulinda kambi dhidi ya lori la mabomu linalokuja kwa kasi ni jambo moja. Kutafuta watu wa kuua mashambani ni jingine. Tarehe 18 Machi 2024 mashambulizi mawili karibu na kijiji cha Bagdaad, Shabelle ya Chini, yaliua raia 23 wakiwemo watoto 14, kwa mujibu wa Amnesty International, ambayo iliyahusisha na droni za TB2 za Uturuki. Kulikuwa na binadamu wakiongoza. Mashine iliyofundishwa kwa video za operesheni kama hizo itajifunza kwamba familia iliyokusanyika shambani ni shabaha halali, na itarudia bila hasira wala kisasi, kama Arkin anavyotaka.

Kisha kuna suala la ushahidi, ambalo wanasheria wa Kenya wangelipa uzito kuliko wote. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari pauni milioni 19.9. Walishindaje baada ya nusu karne? Pamoja na miili yao yenye makovu, walisaidiwa na karatasi. Mwaka 2011 ilibainika kwamba nyaraka za kikoloni zilikuwa zimefichwa Hanslope Park, Uingereza, na humo maofisa walikuwa wameandikiana barua zenye majina na tarehe. Ukatili wa makarani uliacha njia ya kuufuata. Silaha inayojiamulia huacha kumbukumbu pia, lakini ni mali ya kampuni, zimefungwa kwa siri ya kibiashara na siri ya ulinzi kwa pamoja. Mjukuu wa mtu wa Bagdaad atakapotafuta Hanslope Park yake mwaka 2075, atakuta kampuni imeshauzwa mara tatu.

Kenya si mtazamaji tu katika haya. Septemba 2024 ilikuwa mwandalizi mwenza, pamoja na Uholanzi, Singapore na Uingereza, wa mkutano wa Seoul kuhusu matumizi ya akili unde jeshini, na Juni ya mwaka huo Nairobi iliandaa mashauriano ya Afrika. Mwongozo wa Seoul uliungwa mkono na nchi 61, lakini haumfungi mtu. Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiamulia kwa kura 166 dhidi ya 3, nalo halimfungi mtu. Katibu Mkuu António Guterres alitaka mkataba wenye nguvu ya sheria uwe umepatikana kufikia 2026. Wenye silaha hawana haraka.

Nchi yetu ina mazoea ya kung'aa mikutanoni. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa moja ya nchi saba zilizoandika azimio lililozaa Mkataba wa Biashara ya Silaha. Mkataba ulianza kutumika Desemba 2014, na miaka kumi baadaye Kenya ilikuwa bado haijautia saini. Kwa hiyo sitaki kusikia hotuba nyingine ya Seoul. Nataka kuona sheria ya hapa.

Na hapa panawezekana. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya na wafanyakazi waliochuja maudhui yake Nairobi, ingawa kampuni ilidai haina ofisi wala biashara nchini. Uamuzi huo ni mkubwa: anayefaidika na kazi ya Mkenya anaweza kufikiwa na mahakama ya Kenya. Mwaka huohuo ukaletwa mswada wa kurekebisha sheria za biashara ambao ungemkinga mteja wa nje na kuacha lawama zote kwa kampuni ya hapa iliyopewa kazi. Wanaousifu husema utaleta ajira. Utaleta ajira zisizo na mwenyewe, na katika kazi ya silaha, mwenyewe ndiye kila kitu.

Kinachohitajika ni kifungu kifupi. Kampuni yoyote inayowapa watu walio Kenya kazi ya kuweka lebo kwenye data iwajulishe kwa maandishi mteja wa mwisho ni nani na kama data itatumika kijeshi. Mfanyakazi awe na haki ya kuikataa kazi hiyo bila akaunti yake kufungwa. Nakala ya maelekezo, lile faili la kurasa nyingi, ihifadhiwe nchini kwa miaka inayotosha kesi kufunguliwa. Kamati za maadili za vyuo vikuu vyetu, ambazo humhoji mtafiti anayetaka kumtoa mgonjwa tone la damu, zimhoji vilevile anayepokea fedha za kufundisha mashine kutambua watu kutoka angani.

Mkakati wa Taifa wa Akili Unde ulizinduliwa Machi 2025 na unafika mwaka 2030. Mkakati si sheria, na sheria zitakazoufuata bado zinaweza kusukumwa na mwananchi. Maseneta na wabunge wa Meru na Embu wako Nairobi kwa kura zetu, na watarudi kuziomba Agosti 2027. Kijana anayechora mistatili amuulize mgombea wake jambo moja kabla ya kupokea fulana: kazi yangu inamfundisha nani, na kufanya nini?